Kompyuta Iliyolazwa Mahali pa Joto

Wanawake wa mtaa wetu hapa Taebaek, mji wa migodi ya makaa ya mawe, wanamwita mama yangu Mama Tae-gyu. Mimi ndiye niliyemtangulia Tae-gyu kuzaliwa, tena kwa miaka mingi, lakini sijawahi kusikia mtu akimwita Mama Yeong-rim, hata kwa kukosea. Nilipokuwa msichana jambo hilo liliniuma. Baadaye nilihamia Wonju, nikafungua saluni, nikaolewa, nikaachika, nikalizoea. Tae-gyu alipofariki, gari lake la mizigo lilipoteleza kwenye barafu ya mlimani, nilidhani wataacha. Hawakuacha. Wanapita mlangoni na kabichi zao, wanaita, "Mama Tae-gyu, umeamkaje?" naye anaitika vilevile kama zamani.

Nilifika nyumbani siku chache kabla ya tambiko la baba, tunalomfanyia kila mwaka siku aliyofariki. Mwaka uliotangulia hatukumtambikia, kwa sababu msiba wa Tae-gyu ulikuwa bado mbichi. Kwa hiyo huu ulikuwa mwaka wa kwanza baba kuandaliwa meza bila mwanawe wa kiume kuwepo, apige magoti mbele na kusoma yale maneno: mwaka fulani, mwezi fulani, mimi mwanao fulani nathubutu kukuarifu, ewe baba. Husomwa kwa sauti ya kuvuta, na kwetu anayesoma ni mwanamume. Tae-gyu mwenyewe hana meza. Hakuacha mke wala mtoto, na desturi yetu haimruhusu mzazi kumtambikia mtoto aliyemzaa. Majivu yake tuliyapeleka mlimani, na habari ikaishia hapo.

Nyumba yetu bado inapashwa joto kwa matofali ya makaa ya mawe. Moto unakaa upande wa jikoni na joto lake linapita chini ya sakafu, kwa hiyo ipo pembe moja ya chumba inayochoma hadi karatasi ya sakafu imegeuka kahawia, na pembe ya upande wa mlango ni baridi kama nje. Hapo penye joto ndipo anapokaribishwa mgeni na ndipo anapolazwa mgonjwa. Ndipo pia mama alipokuwa akiweka wali wa Tae-gyu, ndani ya bakuli la shaba lenye kifuniko, limefungwa kwa blanketi la manyoya, mpaka atakaporudi kutoka safari zake. Akirudi saa yoyote, wali ulikuwa wa moto.

Siku hiyo niliingia nikaliona blanketi lilelile mahali palepale, nikajua mama ameanza mambo yake. Nilisogea nilifunue.

"Usimkanyage," mama akasema. Alikuwa ameketi ukutani anamenya vitunguu saumu. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu, lakini masikio yake yanasikia soksi ikipita sakafuni.

Nikafunua. Ilikuwa kompyuta ya mpakato ya Tae-gyu, ile ya rangi ya fedha, imelazwa juu ya taulo safi.

"Mama, umeiweka kompyuta kwenye moto?"

"Moto gani? Joto tu. Alale pazuri."

"Tangu lini?"

"Tangu mliponiletea begi lake kutoka kazini kwake."

Mwaka mzima. Niliishika mkononi, ilikuwa na joto la mkate uliotoka kuokwa. Nilibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikabonyeza tena, nikashikilia. Kimya.

"Najua haiwaki," mama akasema. "Nimembonyeza mara nyingi. Ndiyo maana nilikuwa nakusubiri wewe. Sauti yake imo humo."

Nilikuwa nimeshasahau, naye ndiye aliyenikumbusha. Majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake, Tae-gyu aliketi katika chumba hiki akijifunza kusoma maneno ya tambiko, kwa kuwa mwaka mmoja kabla ya hapo alikwama katikati na baba mdogo, ambaye wakati huo alikuwa hai, akamcheka mbele za watu. Akawasha kompyuta imrekodi, kisha akawa anajisikiliza makosa yake. Simu yake iliteketea naye ndani ya gari. Picha tunazo. Sauti yake haipo popote pengine, na kwa mtu asiyeona, picha ni karatasi tu.

"Nataka yeye ndiye amsomee baba yake," mama akasema.

"Mimi nipo, Mama. Naweza kusoma."

"Wewe una sauti ya kugombeza wateja. Baba yako atadhani amefanya kosa."

Alitabasamu aliposema, lakini mikono ilikuwa imeacha kumenya. Nikaona kwamba hili si ombi la mzee la kupuuzwa. Ndilo jambo pekee aliloniomba tangu mazishi.

Mjini yupo Byeong-tae, niliyesoma naye, ana duka la kutengeneza kompyuta karibu na kituo cha reli. Nikamwambia mama nitampelekea, kesho kutwa itakuwa tayari.

"Hatoki," mama akasema.

"Mama, ni hapo tu mjini."

"Siku ile pia alikuwa anakwenda hapo tu. Akasema, Mama, nakwenda hapo tu, narudi. Hatoki mlangoni tena. Kama kufunguliwa, afunguliwe humu ndani, na wewe dada yake."

Nilibishana naye mpaka vitunguu vikaisha. Kubishana na mama yangu ni kusukuma ukuta. Nikampigia Byeong-tae. Naye alikuwa na foleni ya kazi za watu, mlima wetu ulikuwa na barafu, na gari lake halina minyororo ya magurudumu.

"Yeong-rim, wewe na hasira zako unataka kufungua kompyuta?"

"Nashika mkasi karibu na masikio ya watu kila siku. Hakuna aliyerudi kwake na sikio moja."

"Haya, bingwa. Iweke mezani. Inakaa sawa, au inayumba?"

Nikaiweka. Iliyumba kama sufuria lenye kitako kibovu. Chini yake palikuwa pametuna, na ukingo mmoja ulikuwa umeanza kuachana. Nikamwambia. Byeong-tae akaacha utani.

"Hiyo betri imevimba," akasema. "Sikiliza vizuri. Usiichaji. Usiibonyeze hata kidogo. Ikitobolewa inawaka moto, na moto wake si wa kukaribia. Ilikuwa imekaa wapi hii?"

Nilimtazama mama. Alikuwa amegeuza uso upande wangu.

"Ilikuwa nyumbani tu," nikasema.

"Maana joto ndilo linalozivimbisha. Na si betri tu. Kinachokuhusu wewe ni kumbukumbu yake, kile kipande ambamo vitu vyote vimehifadhiwa. Ni kembamba, urefu wa kidole chako cha kati, na hakina gamba. Joto likikaa nacho sana, kinaanza kusahau. Halafu kinaogopa umeme wa nguo kuliko kitu chochote. Ile cheche ya kuvua sweta, unaijua?"

"Mimi ni msusi, Byeong-tae. Majira yote ya baridi nywele za watu zinanisimamia mkononi."

"Basi cheche hiyo kwako ni kero, kwake ni kifo. Na inaweza kuwa ndogo kiasi kwamba hata hutaisikia. Utafunga kila kitu vizuri, utafurahi, na ndani kimekwisha."

Alinieleza mengine, nikayashika kichwani. Nilipokata simu mama alikuwa ameshasogea mezani. Akaweka kiganja chini ya kompyuta, pale palipotuna, taratibu, akakizungusha kama mkunga anayepima mimba.

"Kumbe na wewe umeliona," akasema. Alikuwa karibu aone haya. "Nilikuwa nampapasa kila wiki. Mwanzo alikuwa bapa. Halafu akaanza kujaa kidogo kidogo hapa tumboni. Nikasema, ananenepa. Joto limemkubali."

Nilifungua mdomo. Maneno yote yalikuwa tayari: wewe mwenyewe umeiua, Mama, umeipika mwaka mzima kama viazi vitamu. Mimi ni mtu wa kusema. Ndiyo sababu mume wangu alihamia Busan. Lakini nilimwona alivyoweka kiganja pale. Nikatoka nje, nikachukua ndoo ya majivu ya makaa, nikayamwaga kwenye barafu ya uchochoroni, nikayasambaza kwa mguu mbali kuliko ilivyohitajika, mpaka kwenye lango la jirani. Niliporudi ndani nikamwambia ni uzee wa kompyuta tu. Vitu hivi vikizeeka huvimba.

"Hata mimi miguu yangu," mama akasema.

Kesho yake, baada ya kunywa chai, nilishuka kwa miguu hadi dukani kwa Byeong-tae, nikachukua bisibisi ndogo na kijumba chenye waya cha kusomea ile kumbukumbu, nikarudi, nikaanza. Kwanza nilifua mashuka na taulo, nikayatundika yakiwa yanachuruzika maji chumba kizima, kamba hadi kamba, kama tunavyofanya kila mwaka koo zikikauka. Hewa ikilowa, cheche zinapungua. Nilivua sweta na zile soksi za manyoya, nikabaki na fulana ya pamba na miguu mitupu. Meza ya mbao ya kulia nikaihamishia pembe ya baridi, mbali na sakafu ya moto. Dirisha nikaliacha wazi kidogo. Kando yangu nikaweka ile ndoo, safari hii imejaa majivu baridi, kwa ajili ya betri ikileta ukorofi.

Kisha nikapanga vibakuli vya mboga. Skrubu za kompyuta zinafanana machoni, lakini ipo ndefu na ipo fupi, na ukiirudisha ndefu mahali pa fupi inatoboa kilichomo ndani. Nilihitaji mpangilio ambao siwezi kuusahau hata nikiwa na hasira, na mpangilio wa namna hiyo ninao mmoja tu: meza ya tambiko. Matunda mekundu upande wa mashariki, meupe magharibi, samaki kichwa mashariki, wali na supu mstari wa nyuma. Skrubu za upande wa bawaba nikazipa mahali pa wali. Za upande wa mbele nikazipa mahali pa matunda.

Mama alipapasa vibakuli, akasikia chuma kikigonga udongo.

"Nani anakula hapa?"

"Skrubu."

"Umeziandalia kama baba yako."

"Ili nisipoteze."

Akafikiri, akakisogeza kibakuli kimoja. "Tende inatangulia chestnuti kwenye mstari wa matunda. Toka uolewe umesahau kila kitu."

Alikuwa sahihi. Nikakiacha alipokiweka.

Kabla ya kugusa ndani niliosha mikono, nikaifuta, nikashika bomba la chuma la jikoni kwa kiganja chote ili umeme wowote uliokuwa mwilini uende zake. Nilifanya hivyo kila nilipoinuka. Kifuniko cha chini kilikuwa kimesukumwa na ule uvimbe, hivyo sikuwa na haja ya kukibandua kwa nguvu. Nilipoitoa skrubu ya mwisho kilijiachia chenyewe, kikatoa pumzi. Ndani kulikuwa na vumbi la makaa, jembamba, jeusi, lililopita kwenye feni yake. Tae-gyu alibeba makaa kwenye gari, baba aliyachimba mpaka yakamjaa mapafuni, na hata hii kompyuta ilikuwa imeyavuta.

Betri ilikuwa imetuna kama mto. Nilitafuta waya wake kwanza, kama nilivyoelekezwa, maana usiguse kitu kingine chochote huku umeme ungali ndani. Nikaushika kichwani, si kwenye nyuzi, nikautoa kwa kucha, kushoto kidogo, kulia kidogo. Halafu nikachukua kadi ya plastiki, ile ya uanachama wa bafu la mtaa, nikaipitisha chini ya betri polepole. Sikutumia kisu wala bisibisi. Gundi iliachia sehemu, ikashika sehemu. Palinuka harufu tamutamu, kama dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Jasho lilinitoka katika baridi ile. Mama aliuliza kama namwumiza.

"Simwumizi, Mama."

"Maana umenyamaza. Wewe ukinyamaza kuna jambo."

Betri ilipotoka niliishika kwa viganja viwili bila kuikunja, nikailaza ndani ya ndoo ya majivu, nikaifunika kwa majivu mengine, nikaipeleka nje kwenye baraza. Nikashika bomba tena. Kilichobaki kilikuwa kile kipande.

Nikakiona mara moja. Kidogo sana. Kimeshikwa na skrubu moja tu. Nilipoitoa, kikainuka chenyewe upande mmoja, kama anayekaribia kuamka. Nikachukua brashi yangu ya kusafishia shingo za wateja, ya manyoya ya asili, nikaondoa vumbi kando yake. Nilikuwa nimeshanyoosha vidole nikishike kwa kingo zake nilipohisi upepo wa dirisha, na mama naye akauhisi.

Sikumsikia akiinuka. Nilisikia tu ule mburuto wa soksi za manyoya juu ya karatasi kavu ya sakafu, upesi upesi, kutoka pembe ya joto kuja kwangu. Nikageuka. Alikuwa amelikumbatia lile blanketi, amelifungua mikono miwili, anakuja kuifunika kompyuta.

"Ameachwa wazi na kuna baridi," alikuwa anasema, "huyu dada hana akili, ameachwa wazi—"

"Usiguse!"

Nilipiga kelele ya kumtoa mtu barabarani. Akasimama, lakini mkono wake mmoja ulikuwa tayari umeshatangulia, unapapasa hewani, umbali wa kiganja kutoka kile kipande. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimesimama pande zote kwa umeme wa blanketi. Sikuwa na muda wa kueleza. Niliusogelea ule mkono kwa mkono wangu, nikaudaka.

Cheche ililia. Kweli ililia, kama kijiti kikavu kikivunjwa, na iliniuma mpaka kwenye kiwiko. Mama akasema "Ai!" akataka kujivuta. Sikumwachia.

"Umenipiga?" akauliza.

"Sikukupiga. Ni umeme wa blanketi lako. Ungeingia humu ungemwua."

Niliona maneno yale yanamwingia. Blanketi likamteleza likaanguka. Nikazunguka meza bila kuachia mkono wake, nikamwongoza jikoni, nikakiweka kiganja chake kwenye bomba la chuma na changu juu yake. Tulisimama hivyo. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyoukumbuka. Tangu mazishi hatukuwa tumeshikana mikono; siku ile tulikuwa tumeshika chombo cha majivu yake.

"Joto lake," mama akasema taratibu, "halimfai?"

"Nikimaliza tutaongea," nikasema.

Kile kipande kilitoka salama. Nikakiingiza kwenye kijumba chake kipya chenye waya, nikakiunganisha na kompyuta yangu niliyokuja nayo. Mwanzo hakuna kilichoonekana. Nikangoja. Nikautoa waya, nikauingiza upande mwingine, nikangoja tena huku mama amesimama nyuma yangu, pumzi yake shingoni mwangu. Ndipo majina yakaanza kujitokeza moja moja. Mengine yaligoma kufunguka, mengine yalikuwa yameharibika. Moja liliandikwa "Tambiko la baba, mazoezi".

"Ipo," nikasema.

Nilikuwa nimeshaweka kidole niifungue. Mama akanishika bega.

"Usimsikilize. Asome mara moja, mbele ya baba yake."

"Mama, hatujui kama ni nzima. Joto—" Nikajiuma ulimi. "Huenda imeharibika. Tuijaribu kwanza."

"Kama ni mzima atasoma. Kama si mzima, nataka niwe nimevaa vizuri."

Niliinakili mahali pawili, nikaiacha bila kuisikiliza. Siku zile zilizobaki tulipika. Tulikaanga tofu, tukapika supu ya figili na nyama, tukachemsha maboga na majani ya mlima, na mama akaonja kila kitu kwa ncha ya kijiko tu. Niliona ndivyo anavyokula siku hizi, kwa ncha ya kijiko. Nilimgombeza. Akasema hana njaa, atakula baadaye. Tangu nikiwa mtoto yeye hula baadaye, baada ya wanaume kurudi.

Tambiko siku hizi tunalifanya jioni mapema. Nilipanga meza, matunda mekundu mashariki. Nikaweka picha ya baba, nikawasha uvumba, nikamimina pombe kwenye kikombe. Mama alivaa nguo yake ya kijivu, nywele amezilowesha maji na kuzilaza. Kompyuta yangu nikaiweka chini, mbele ya meza, pale ambapo Tae-gyu alikuwa akipiga magoti.

"Mwambie aanze," mama akasema.

Nikabonyeza.

Kwanza palikuja kishindo cha kikombe kikiwekwa. Halafu mtu akakohoa. Halafu kaka yangu mdogo akaanza kusoma. Ilikuwa sauti yake hasa, nzito, yenye mikwaruzo ya sigara, na alikuwa anaivuta vizuri, kama mtu mzima. Mwaka fulani, mwezi fulani, mimi mwanao Tae-gyu nathubutu kukuarifu. Mama aliinamisha paji la uso hadi sakafuni, akabaki hukohuko. Mimi nililia. Sikujua kwamba ningelia kwa sauti.

Akaendelea. Majira yamegeuka, siku ya kuondoka kwako imerudi, na tukikukumbuka... Hapo akakwama. Akarudia. Akakwama tena. "Pumbavu," akasema peke yake, akacheka. Na ndani ya kile kicheko, kwa mbali, kutoka jikoni, ikasikika sauti ya mwanamke, ya nguvu, isiyo na kifo chochote ndani yake.

"We Tae-gyu! Njoo ule, wali unapoa!"

Mama aliinua kichwa. Alikuwa amejisikia mwenyewe.

"Naja, Mama," akasema Tae-gyu. "Wewe anza kula. Usinisubiri."

Kikasikika kitufe kikibonyezwa, na rekodi ikaisha. Maneno yalikuwa yamefika nusu. Uvumba ulipanda. Picha ya baba ilitutazama, na hakuna aliyekuwa anasoma.

Nilinyoosha mkono niirudishe nyuma, nitafute kama kuna nyingine.

"Acha," mama akasema. "Amekwenda kula." Akafuta uso kwa mkono wa nguo. "Malizia wewe."

"Mimi?"

"Kwani humu kuna nani mwingine? Malizia, mzaliwa wangu wa kwanza. Baba yako anangoja."

Nilipiga magoti pale ilipokuwa kompyuta. Maneno niliyajua, nimeyasikia kutoka jikoni maisha yangu yote. Na tukikukumbuka, nikasoma, mioyo yetu haijui mpaka. Sauti yangu ya saluni ilitetemeka, kisha ikashika. Nilisoma mpaka mwisho, nikainama, mama akainama kando yangu.

Baada ya tambiko chakula cha meza huliwa na walio hai. Nilimpakulia. Nilitegemea atakiweka kando kama kawaida. Alikivuta kibakuli karibu, akainua kijiko kabla yangu, akala. Alikula wali, supu, tofu, samaki, akauliza kama maboga yamekwisha. Nikamwongezea tu. Mimi, mtu wa kusema.

Aliposhiba aliweka kijiko chini.

"Ni joto langu lililomvimbisha, sivyo?"

Nilikuwa na uongo wangu tayari, ule wa uzee.

"Ndiyo, Mama," nikasema.

Akatikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, kama mtu anayepokea salamu kutoka mbali. Hakulia. Alisimama, akapapasa kabatini, akatoa lile bakuli la shaba la Tae-gyu na kifuniko chake. Akaniomba kile kipande. Byeong-tae alikuwa ameniambia kikae ndani ya kitu cha chuma, mbali na moto, lakini mama sikuwa nimemwambia. Kwanza akaenda kwenye bomba, akalishika kwa kiganja chote, akangoja. Kisha akakipokea kwa kingo zake, akakizungushia kitambaa cha pamba, akakilaza ndani ya bakuli, akafunika.

Hakwenda pembe ya joto. Alipita mlangoni, akatoka barazani kwenye baridi, akaliweka bakuli juu ya rafu. Nililichukua blanketi nimfuate, nimfunike yeye mabega.

"Hilo libaki ndani," akasema. "Mwache apate baridi."